Gari Lisilokata Kushoto

Katibu wa Mheshimiwa alifika asubuhi, akasimama mbali kidogo na mlango wa banda ili vumbi lisimharibie viatu, akauliza kama yule fundi wa umeme wa magari anayeitwa Cheche ndiye huyu aliyevaa fulana yenye matundu. Cheche akasema ndiye. Katibu akamtazama kuanzia unyayo hadi utosi, akaitazama na ile alama nyekundu ya X iliyochorwa na watu wa manispaa kwenye ukuta wa mabati, kisha akatabasamu kama mtu aliyekuta kitu sokoni kimeshuka bei.

"Honi ya gari la Mheshimiwa hailii," alisema. "Jumamosi lazima ilie."

"Lile gari la zamani?"

"Usiliite la zamani. Ni gari la historia."

Katika nusu ya pili ya banda, mke wa Cheche alikuwa akishona. Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani ili asikie vizuri. X zilikuwa zimechorwa mstari mzima: kwa fundi viatu, kwa msusi, kwa muuza mkaa. Tingatinga lilitangazwa kuja baada ya sherehe, maana Mheshimiwa alikuwa anastaafu na kumwachia mwanawe kiti, na haikufaa kuvunja watu vibanda kabla hawajamaliza kupiga makofi.

"Mafundi wa karakana kubwa wameshindwa," Katibu aliendelea. "Wamejaribu honi mpya mbili, wapi; wakairudisha ya awali. Nikaambiwa huku kuna mtu."

"Huku kuna mtu," Cheche alisema, kifua kikijaa. Sifa ilikuwa ugonjwa wake, na mkewe alikuwa amekata tamaa ya kumtibu. "Honi ni waya na moto tu, bwana Katibu. Haina uchawi. Mimi nikiigusa, inalia."

"Ikilia, hiyo X inafutika."

"Zote?" mke wa Cheche aliuliza.

"Mama, naongea na fundi." Katibu akamshika Cheche begani kwa vidole viwili, akamsogeza pembeni, akamnong'oneza: "Hii ya kwako. Ya kwako tu. Usitangaze."

Cheche aliporudi ndani, mkewe alikuwa bado anangoja jibu.

"Amesema nini?"

"Amesema tutaona mambo mazuri."

"Mstari mzima?"

Cheche akainama kwenye mfuko wake wa vifaa, akaanza kutafuta koleo lililokuwa mbele ya macho yake. "Mstari mzima," alisema.

*

Mama mkwe wake alipopata habari alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, na kulikuwa na kitu kimoja ambacho serikali zote zilizopita zilishindwa kumwondolea: kumbukumbu.

"Honi ile ile!" alisema. "Mkwe wangu, unakwenda kuifufua honi ile ile?"

"Mama, ni kazi tu."

"Ni kazi, ndiyo. Na mimi siku ile nilikuwa kazini, kwenye foleni ya bomba. Akaja na gari lake, akapiga honi tukaziba masikio. Akapanda juu ya kiti cha gari na viatu vyake. Akasema, 'Akina mama, sauti hii mmeisikia? Siku mtakayoisikia tena mtaani kwenu, tokeni na ndoo. Mjue maji yamefika.' Tukapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga, ulimi huu huu. Kesho yake lile bomba moja wakalikata, eti wanapisha bomba kubwa."

"Pengine alisahau."

"Alisahau? Basi mimi sikusahau. Na ndoo ninayo."

Mkewe akasema taratibu, "Mama, mwache. Akiitengeneza, mabanda yanabaki."

"Yote?"

"Amesema yote."

Mama mkwe akamgeukia Cheche, akamtazama kwa muda mrefu. Cheche akasema chai ina moto sana, akatoka nayo nje.

*

Langoni kwa Mheshimiwa, mlinzi alimwaga mfuko wa Cheche chini, akakipekua kifaa kimoja kimoja, akauliza bisibisi ni ya kazi gani. Kisha akamwelekeza kwenye bomba la bustani akanawe mikono mpaka viwiko. Mtunza bustani alikuwa ameacha mpira wa maji wazi juu ya majani, maji yakitiririka mpaka barabarani. Cheche alinawa. Akavuliwa viatu. Akapewa soksi nyeupe, na Katibu akaleta glovu nyeupe kama za wapiga tarumbeta.

"Kwa glovu sitahisi waya," Cheche alisema.

"Mheshimiwa hapendi alama za vidole."

Gari lilikuwa limesimama kwenye kivuli, refu, pana, rangi ya maziwa, linang'aa mpaka Cheche alijiona ndani yake amenenepa. Lilikuwa limepakwa rangi upya, na aliyelipaka hakutaka lawama: alipaka mlango, akapaka boneti, akapaka chini ya boneti, akapaka nati na vyuma na mabano, chochote ambacho hakikukimbia alikipaka. Ndani, usukani ulikuwa umevishwa ngozi mpya, na katikati, pale pa kubonyeza honi, walikuwa wamegandisha kwa gundi picha ya Mheshimiwa akitabasamu, ndani ya duara la dhahabu.

"Kwa hiyo honi ikitakiwa..." Cheche alianza.

"Unabonyeza hapo."

"Usoni?"

"Katikati," Katibu alisema kwa ukali.

Cheche akafungua boneti, akatoa taa yake ya kupimia, yenye waya mmoja na ncha kama sindano. Akagusa fyuzi: taa ikawaka. Akagusa mguu wa kwanza wa honi: ikawaka. Moto umefika. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha mguu wa pili wa honi moja kwa moja na hasi ya betri.

Honi ikalia. Si mlio wa magari ya siku hizi unaopiga chafya. Ulikuwa mlio mnene, wa kifua, uliowatoa ndege mtini na simu mkononi mwa Katibu.

"Imepona!" Katibu alipiga kelele.

"Haikuwa inaumwa. Na zile mbili mlizotupa pia zilikuwa nzima."

Kwa mlio ule Cheche alisahau soksi na glovu. Akazungumza kama yuko bandani kwake. "Angalia, bwana Katibu. Moto unatoka betri, unafika honi, kisha unapita waya huu kwenda ndani ya usukani. Ukibonyeza, waya unagusana na chuma cha usukani, moto unapita kwenye bodi, yaani mwili wa gari, unarudi nyumbani kwa betri. Sasa hapa kwenda unakwenda. Kurudi ndiyo haurudi."

"Kwa nini?"

Cheche alijilaza chali chini ya dashibodi. Yale mabano yanayoushika usukani kwenye bodi yalikuwa yamefunguliwa, yakapakwa rangi nene kila upande, na nati zake, na mashimo yake, kisha yakafungwa tena juu ya rangi. Chuma hakikugusana na chuma mahali popote.

"Ni rangi," alisema kutoka chini. "Umeme haupiti kwenye rangi. Mmelipendezesha mpaka likawa bubu. Nikwaruze hapa kidogo, kama ukucha wa kidole gumba..."

"Kukwaruza!" Katibu alishika kichwa. "Unajua rangi hii imetoka wapi?"

"Ni huku chini, hakuna atakayeona."

"Hakuna kukwaruza. Tafuta njia nyingine."

Njia nyingine ipo daima, na mara nyingi ndiyo inayoleta balaa. Cheche akafunga waya mpya kutoka kwenye chuma cha usukani, akaupitisha chini ya zulia, mpaka kwenye hasi ya betri. Katibu akaibonyeza picha kwa kidole kimoja, kwa heshima, na honi ikalia. Akabonyeza tena. Akacheka kama mtoto. Kisha mwana wa Mheshimiwa, kijana mnene mwenye miwani ya jua, akaja kulijaribu, akazungusha usukani kushoto ili atoke kivulini, na honi ikalia yenyewe. Hakuna aliyegusa picha. Akarudisha usukani: kimya. Akakata kulia: kimya. Kushoto: honi.

Cheche alijua mara moja. "Ndani ya usukani kuna waya umechubuka ngozi. Ukikata kushoto unagusa chuma. Ulichubuka zamani, ila kwa kuwa rangi ilikata njia, hakuna aliyejua. Nibandue hiyo picha, nivute usukani, niuvishe waya ngozi mpya. Si kazi kubwa."

Mwana wa Mheshimiwa akavua miwani.

"Umesema ubandue nini?" Katibu aliuliza.

"Picha."

"Picha ya Mheshimiwa haibanduliwi kwa bisibisi."

"Kwa kisu basi."

"Wewe fundi, una matatizo gani?"

Cheche akainua mikono yake ya glovu. Alisema kwa utani, na baadaye aliulaumu mdomo wake: "Basi msikate kushoto."

Katibu hakucheka. Alitoa simu, akaandika.

*

Kamati ya njia ilikaa sebuleni alasiri hiyo hiyo. Cheche alisimama mlangoni kwa soksi, kama mtaalamu, na hakuna aliyemwonyesha kiti. Watu wazima wenye vitambi na digrii zao walizunguka meza wakijadili namna ya kulifikisha gari uwanjani bila kukata kushoto. Hoja zilitolewa. Mmoja alisema litoke langoni, likate kulia, kulia tena, lizunguke benki, lifuate barabara kuu lifike limenyooka. Mwingine aliuliza kama linaweza kurudi kinyumenyume. Mkuu wa itifaki alitaka kujua, kitaalamu, kama kushoto kidogo nako ni kushoto.

"Kwani kushoto kuna nini?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Kushoto hakuna kitu," Katibu alijibu. "Ni mabanda tu."

Wote wakaridhika. Cheche, aliyekuwa anaishi kushoto, alikohoa kidogo. Katibu alidhani anataka maji, akamwambia bomba liko bustanini.

Wakati wa kuondoka mlinzi alimpekua tena kwa nguvu kuliko asubuhi, maana sasa alikuwa anatoka ndani.

*

Ijumaa alikuja fundi wa rangi na debe. Rangi ilikuwa ya maziwa, mabaki ya gari. Akaufuta ukuta wa banda la Cheche kwa mikono miwili mitatu, X ikamezwa, akafunika debe na kuanza kuondoka.

"Na haya mengine?" mke wa Cheche aliuliza.

"Nimeagizwa hili."

Mstari mzima ulitoka nje. Banda la Cheche lilisimama katikati ya mabati yenye kutu kama jino la bandia. Fundi viatu aliendelea kugongea soli, lakini nyundo ilikuwa haigongi kitu. Msusi aliacha kichwa cha mteja nusu.

"Hongera, jirani," msusi alisema. "Umetakata."

"Jamani, mimi nilidhani..."

"Nasi tulidhani," alisema muuza mkaa.

Ndani, mkewe alikuwa anakunja vitambaa ambavyo havikuhitaji kukunjwa.

"Mke wangu, nilikuwa nadhani watafuta yote."

"Ulikuwa unadhani, au ulikuwa unajua?"

Cheche akainama tena kwenye mfuko wake wa vifaa. Mkewe akaibeba cherehani, kichwa chake cha chuma na yote, akaitoa nje, akaiweka kwenye kibaraza cha msusi, chini ya X, akaketi na kuanza kushona huko. Mdundo wa pedali tu, ta-ta-ta-ta, mpaka jioni, na kila ta ilikuwa inamwingia Cheche mahali pake.

*

Lakini kamati ya njia na kamati ya mapambo hazikuwa zinasalimiana. Kamati ya mapambo ilikuwa imeamua, kwa siri, kumfurahisha Mheshimiwa kwa picha moja ya mwisho: aweke kwa mkono wake bomba la kwanza la ule mradi wa maji ulioahidiwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kwa picha nzuri unahitaji mtaro mzuri. Jumamosi alfajiri vibarua walichimba mtaro, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia uishie wapi, waliukatisha barabara kuu nzima, upande hadi upande.

Msafara ulipofika hapo, ukasimama. Mbele mtaro. Nyuma magari ya wageni yamebanana. Kulia ukuta wa benki. Kulikuwa na njia moja tu.

"Kata," Mheshimiwa alisema kutoka kiti cha nyuma. Yeye hakuwa ameelezwa habari za kushoto, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumweleza habari za picha.

Mwanawe akakata.

Honi ikalia. Kijana akashtuka, akauzungusha usukani zaidi, na ndani kule waya uliochubuka ukapiga cheche na kugandamana na chuma. Akanyoosha usukani: honi inalia. Akakata kulia: inalia. Akampiga baba yake wa pichani ngumi za uso pale kwenye usukani: inalia. Gari la historia likaingia mtaa wa mabanda likipiga ukelele ule mnene, wa kifua, usio na pumzi.

Mama mkwe wa Cheche alikuwa anapepeta kunde. Akasimama. Kunde zikamwagika.

"Ndoo!" alisema. "Wanawake, ndoo!"

Walitoka. Kwanza wazee walioikumbuka sauti, kisha wale waliosimuliwa, kisha wale waliotoka kwa sababu wengine wametoka. Ndoo za plastiki, madumu, sufuria, beseni la kuogea mtoto. Wakaja moja kwa moja kwenye sauti, kama walivyoelekezwa, wakalizunguka gari mpaka likakosa pa kupita, mbele kabisa ya lile banda la rangi ya maziwa. Hawakutukana mtu. Walisimama tu na vyombo vyao, wakingoja.

Katibu alipenya akijifuta jasho, akamkuta Cheche. Ilibidi ampigie kelele sikioni.

"Izime!"

Cheche alitazama boneti. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kufunga kifungo cha shati. Fyuzi ile alikuwa ameishika mwenyewe. Vidole viwili, unaichomoa, kimya. Tayari mkono ulikuwa umeshaanza kwenda.

"Izime," Katibu alisema, "banda lako linabaki. Naapa. Usipoizima, Jumatatu tingatinga linaanzia kwako."

"Na haya mengine?"

"Wewe shughulika na la kwako!"

Cheche akainua macho. Mkewe alikuwa amesimama kati ya msusi na muuza mkaa, na ndoo ya bluu, ile yenye ufa aliouziba yeye Cheche kwa lami. Hakuwa anamtazama kwa hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja kujua aliolewa na nani.

Mkono ukarudi. Cheche akavua kofia, akalisogelea dirisha la nyuma, akapaza ile sauti yake ya majigambo ambayo kwa mara ya kwanza ilipata kazi ya maana.

"Mheshimiwa! Kosa liko chini ya picha yako! Nimekatazwa kukwaruza, nimekatazwa kubandua! Unaruhusu nikubandue?"

Watu wa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma. "Anauliza ambandue?" "Anauliza kama ruhusa ipo!" Kicheko kikaanzia kwa fundi viatu, kikapita kwenye madumu, kikawa kikubwa karibu kuifikia honi. Katibu alimtazama mkuu wa itifaki. Mkuu wa itifaki alitazama mbingu. Mwana alimtazama baba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa tayari kutamka mbele za watu neno "bandua".

Mheshimiwa alishusha kioo, upana wa kiganja. "Salamu sana," alisema, akakipandisha.

Basi honi ikaendelea. Ililia mpaka ikaanza kukwaruza, ikapanda na kushuka kama mzee anayepandisha ngazi, moshi mwembamba ukatoka kwenye pua ya gari, sauti ikawa mbuzi, ikawa mbu, ikaisha. Injini nayo ilikuwa imezimika zamani, na betri haikubakiza kitu cha kuiwashia.

Mama mkwe wa Cheche akagonga kioo kwa ukingo wa ndoo, taratibu, asije akakwaruza rangi.

"Tumeisikia," alisema. "Tumetoka. Maji yako wapi, baba?"

Walilisukuma gari kurudi, wao wenyewe, walinzi na kamati na suti zao, kila mmoja ameweka leso chini ya kiganja ili asiache alama. Katika mtaa ule hakuna aliyewasaidia, na hakuna aliyewazuia.

*

Jumapili Cheche alitafuta rangi nyekundu kwa watu mpaka akaipata. Akachora X kwenye ukuta wake wa maziwa, kubwa, mwenyewe, kwa mkono wake.

"Mguu wa X yako umepinda," msusi alimwambia.

"Wewe umezoea vichwa, X utaijulia wapi?"

"Unaona? Ameshapona huyu," msusi alisema, akamsogezea kigoda.

Mkewe aliirudisha cherehani, lakini si ndani. Aliiweka mbele ya banda, njiani kabisa.

Tingatinga lilikuja Jumatatu, la njano, limechoka, na dereva wake aliyekula vumbi la mitaa mingi. Lilianzia kwa Cheche kama Katibu alivyotishia. Dereva alikuta mbele ya lile bamba la chuma la kubomolea mwanamke anashona, na nyuma yake mwanamume ameketi kigodani anamenya waya, na nyuma yao mstari mzima umekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Akapiga honi.

Ta-ta-ta-ta, ilijibu cherehani.

Akapiga tena, ndefu. Mtoto mmoja aliziba masikio. Wengine hawakugeuza shingo. Mke wa Cheche alikata uzi kwa meno, akamwuliza mumewe bila kuinua kichwa:

"Ile ulisema ni nini vile?"

"Waya na moto tu."

"Haina uchawi?"

"Haina."

Dereva akachungulia nje. "Jamani! Hamsikii honi?"

"Tunasikia, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka juu ya ndoo yake. "Hata ya Jumamosi tuliisikia. Hiyo yako umekuja nayo kuahidi nini?"

Dereva alitazama mbele, akatazama nyuma, njia ya kurudi ilikuwa wazi kabisa. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kitufe cha honi. Kisha akauondoa, akazima injini, na mtaani ikabaki sauti moja tu, ya pedali.